Mama anasahau, anaumwa kichwa: Je, aliwahi kupigwa?

Safu hii ikitaja kichwa, mara nyingi huwa inazungumzia chawa, mba au mapunye ya watoto wa madrasa. Leo tunaingia ndani zaidi, chini ya nywele na chini ya fuvu, kwenye ubongo wenyewe. Tutazungumzia jambo ambalo katika nyumba nyingi halisemwi mbele ya wageni, nalo ni madhara anayobaki nayo mke ambaye mumewe amekuwa akimpiga kichwani au kumkaba koo.

Tuchukue mfano wa mama mmoja. Anaumwa kichwa karibu kila siku. Anateleka mboga jikoni, anasahau mpaka inaungua. Akiinuka kutoka kwenye sijda anasikia kizunguzungu, inambidi ashike ukuta, na mara nyingi hajui kama ameswali rakaa mbili au tatu. Kelele za watoto zinamuudhi kuliko zamani, jua la mchana linamuumiza macho, usingizi haupati, na analia au kukasirika kwa jambo dogo. Mawifi wanasema amekuwa mvivu. Mama mkwe anasema ni kiburi. Jirani anashauri apelekwe akasomewe, huenda ni jini au hasadi. Zahanati wanampima malaria, wanampima presha, wanampa panadol na vidonge vya kuongeza damu, anarudi nyumbani. Katika safari yote hiyo hakuna hata mmoja aliyemuuliza kama aliwahi kupigwa kichwani.

Hatusemi kuwa kila mwenye dalili hizo amepigwa. Upungufu wa damu, presha, kisukari, macho mabovu na huzuni ya muda mrefu huweza kuleta hali inayofanana na hiyo. Tunachosema ni kwamba swali hilo nalo liulizwe, kwa sababu utafiti wa miaka ya karibuni umeonesha kuwa jibu lake mara nyingi ni ndiyo, na kwamba mama mwenyewe huwa hajui kuwa maradhi yake ya leo yana uhusiano na kipigo cha mwaka juzi.

Ubongo unavyoumia

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa kilo moja na ushei na ni laini mno. Mwenyezi Mungu (s.w.t.) ameuhifadhi ndani ya fuvu gumu na kuuzungushia maji maji ili usigongane na mfupa. Sasa fikiria umepanda daladala umebeba ndoo ya mtindi, dereva akafunga breki ghafla. Ndoo haikupasuka, wala haikuanguka, lakini mtindi wa ndani umesukwasukwa na kukatika. Ndivyo inavyokuwa kichwa kinapopigwa ngumi, kinapogongeshwa ukutani, mtu anaposukumwa akaangukia kisogo, au anaposhikwa mabega na kutikiswa kwa nguvu. Ngozi inaweza isichubuke, fuvu lisivunjike, lakini ubongo ukawa umevutika na kujipinda ndani.

Ndani ya ubongo kuna nyuzi nyembamba sana zinazopeleka habari kutoka sehemu moja hadi nyingine. Mtikisiko unapokuwa mkali nyuzi hizo hunyooka kupita kiasi, nyingine hukatika, na mpangilio wa kemikali za ubongo huvurugika kwa siku kadhaa au wiki. Hapo ndipo mtu anapoona nyota, anapopata kichefuchefu, anapouliza swali lile lile mara tatu, au anapokosa kukumbuka kilichotokea kabla na baada ya kipigo. Wengi wanaamini kuwa kama mtu hakuzimia basi ubongo haukuumia. Hilo si kweli. Watu wengi wanaopata mtikisiko wa ubongo hawazimii kabisa. Aidha, kipimo cha CT-Scan mara nyingi huonesha kuwa kila kitu ni kizima, kwa sababu kazi yake kubwa ni kutafuta damu iliyovuja na mfupa uliovunjika, si nyuzi zilizovutika.

Mtu aliyepata mtikisiko mmoja, akapumzika, kwa kawaida hupona ndani ya wiki chache. Mchezaji wa mpira akigongwa kichwa, daktari anaingia uwanjani na mchezaji anatolewa. Mke aliyepigwa nyumbani hana wa kumtoa uwanjani. Saa hiyo hiyo anatakiwa apike, achote maji, anyonyeshe, na pengine wiki ijayo atapigwa tena kabla jeraha la kwanza halijatulia. Ubongo unaopigwa tena ukiwa bado haujapona huumia zaidi na huchukua muda mrefu zaidi kurudi katika hali yake. Tofauti hii kati ya kuumia mara moja na kuumia tena na tena ndiyo kiini cha suala lote hili.

Kukabwa koo ni hatari kuliko inavyodhaniwa

Kuna jambo ambalo akina mama wengi hawalitaji hata wanapoulizwa kama walipigwa, kwa kuwa wanaona kukabwa si kupigwa. Atasema, "Hakunipiga, alinikaba tu." Ndugu msomaji, katika hayo mawili kukabwa kunaweza kuwa kubaya zaidi.

Pembeni mwa shingo inapita mishipa mikubwa inayopeleka damu kwenye ubongo na mingine inayoirudisha kwenye moyo. Mishipa hiyo iko karibu na ngozi na haihitaji nguvu nyingi kuibana. Ikibanwa sawasawa mtu anaweza kuzimia ndani ya sekunde kumi hivi, na ubongo ukikosa damu yenye hewa kwa dakika chache seli zake zinaanza kufa. Seli hizo hazioti tena kama kucha. Wakati mwingine ukuta wa mshipa unachanika kwa ndani, damu inaganda pale, na siku kadhaa au hata wiki baadaye mama kijana anapooza upande mmoja, watu wanashangaa amepata wapi kiharusi katika umri ule.

Mwaka 1995 katika mji wa San Diego, Marekani, wasichana wawili waliuawa katika matukio ya ugomvi na wapenzi wao, na waendesha mashitaka wa mji huo wakaamua kurudi kwenye mafaili. Walipitia kesi 300 za wanawake waliokabwa koo na wanaume wao, na matokeo yakachapishwa mwaka 2001. Nusu ya wanawake hao hawakuwa na alama yoyote inayoonekana shingoni, na wengi katika waliobaki walikuwa na alama ndogo mno kiasi kwamba hazikufaa hata kupigwa picha. Polisi alifika, akaangalia shingo, hakuona kitu, akaondoka. Kwa mweusi wa rangi, tuongeze sisi, alama hizo zinaonekana kwa shida zaidi.

Mwaka 2008 watafiti wengine wa Marekani walilinganisha wanawake waliouawa au kunusurika kuuawa na wenzi wao na wanawake waliopigwa bila kufikia hatua hiyo. Waligundua kuwa mwanamke aliyewahi kukabwa koo na mwenzi wake alikuwa katika hatari ya kuja kuuawa na mwenzi huyo kwa zaidi ya mara saba. Kwa hiyo mzazi akisikia binti yake amekabwa, asihesabu kuwa ni ugomvi wa kawaida wa ndoa unaosubiri kikao cha mwisho wa mwezi.

Dalili za kuangalia baada ya kukabwa ni sauti kukwaruza au kupotea, maumivu au shida ya kumeza, kupumua kwa taabu, vidoa vidogo vyekundu ndani ya macho au kwenye kope, na kujikojolea wakati wa tukio. Hii ya mwisho ina aibu na wengi hawaisemi, lakini inamwambia daktari kuwa huenda mama alizimia bila kujua. Mwenye mimba aliyekabwa aende hospitali hata kama hana dalili yoyote, kwa sababu mtoto tumboni anaishi kwa damu na hewa ya mama yake.

Ilikuwaje jambo hili lichelewe kujulikana?

Hapa kuna habari ya ajabu kidogo. Madaktari walijua tangu mwaka 1928 kuwa kupigwa kichwa mara kwa mara kunaharibu akili. Mwaka huo daktari Harrison Martland wa New Jersey, Marekani, aliandika kuhusu mabondia waliokuwa wakipepesuka na kuropoka kama walevi hali ya kuwa hawajanywa kitu. Tangu hapo mabondia walichunguzwa, baadaye wachezaji wa mpira wa Kimarekani, baadaye wanajeshi. Kwa miaka zaidi ya sitini takribani hakuna aliyeuliza kuhusu mtu anayepigwa kichwani bila glovu, bila refa na bila kengele ya kumaliza raundi. Mwaka 1990 jarida la kitabibu la Lancet la Uingereza lilichapisha habari fupi ya mwanamke mzee aliyekuwa amepigwa na mumewe kwa miaka mingi. Ubongo wake ulipochunguzwa baada ya kufa, ulikutwa na uharibifu wa aina ile ile ya mabondia.

Katika miaka hiyo ya 1990 mwanafunzi mmoja wa saikolojia katika Chuo Kikuu cha Illinois, Eve Valera, alikuwa akijitolea katika nyumba ya hifadhi ya wanawake waliokimbia vipigo. Aliwasikiliza wakieleza kizunguzungu, kusahau na kuchanganyikiwa, akaona kuwa maelezo yale yanafanana sana na ya watu waliopata mtikisiko wa ubongo. Akaenda maktaba kutafuta utafiti uliofanywa kuhusu jambo hilo, akakuta karibu hakuna kitu. Basi akaufanya yeye mwenyewe, pamoja na mwalimu wake Howard Berenbaum.

Namna alivyouliza inafaa kuangaliwa vizuri. Hakumuuliza mwanamke, "Je, uliwahi kuumia ubongo?" Angeuliza hivyo karibu wote wangejibu hapana. Aliuliza kama, baada ya jambo lolote alilofanyiwa na mwenzi wake, aliwahi kupoteza fahamu, kuona nyota, kusikia kizunguzungu, au kuwa na kipande cha wakati ambacho hakikumbuki. Katika wanawake 99 waliohojiwa, takribani robo tatu walikuwa wamepata angalau jeraha moja la ubongo kutokana na wenzi wao, na nusu hivi walikuwa wamepata zaidi ya moja. Halafu akawapima kumbukumbu, uwezo wa kujifunza jambo jipya na wepesi wa akili kuhama kutoka kazi moja kwenda nyingine. Kadiri majeraha yalivyokuwa mengi na makubwa, ndivyo walivyofanya vibaya zaidi katika vipimo hivyo, na ndivyo huzuni na wasiwasi vilivyozidi. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2003.

Wapo waliosema kuwa huenda ni mawazo tu, kwamba mwanamke aliyeteswa hawezi kuwa na utulivu wa kukumbuka mambo. Ni hoja ya haki, kwa sababu hofu na huzuni peke yake huleta usahaulifu. Ndiyo maana mwaka 2017 Valera, wakati huo akiwa Harvard, na mwenzake Aaron Kucyi walichapisha picha za ubongo za wanawake 20 zilizopigwa kwa mashine ya MRI kwa namna maalumu inayoonesha jinsi sehemu za ubongo zinavyowasiliana. Mabadiliko katika mawasiliano hayo yalikwenda sambamba na wingi na ukubwa wa majeraha waliyoyaeleza kwa midomo yao. Wanawake 20 ni wachache na wenyewe watafiti hawakuficha hilo. Lakini mwanamke aliyekuwa akiambiwa anajitia ugonjwa sasa alikuwa na kitu cha kuonesha.

Mwaka huo huo wa 2017 madaktari wa taasisi ya Barrow huko Arizona walitoa taarifa ya wagonjwa 115 walioumia kichwa katika ugomvi wa majumbani. Wengi wao waliumia mara nyingi kiasi cha kushindwa kuhesabu, na ni mmoja tu katika kila watano aliyewahi kwenda hospitali wakati wa kuumia. Mwaka uliofuata, Jacquelyn Campbell wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins na wenzake walichapisha utafiti wa wanawake 901 wenye asili ya Afrika, wa mji wa Baltimore na visiwa vya Virgin vya Marekani, nao ukaonesha kuwa waliopigwa na kuumia kichwa walikuwa na kizunguzungu, kusahau na maumivu ya kichwa kuliko wengine.

Na huku kwetu je? Shirika la Afya Duniani (WHO) lilifanya utafiti mkubwa katika nchi 10, Tanzania ikiwemo, ambapo wataalamu wa Muhimbili walishiriki. Taarifa yake ya mwaka 2005 ilionesha kuwa miongoni mwa wanawake waliowahi kuwa na mume au mwenzi, asilimia 41 Dar es Salaam na asilimia 56 Mbeya walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kimwili au wa kijinsia na wenzi wao wakati fulani maishani. Mwaka 2008 watafiti hao walirudi kwenye majibu ya wanawake zaidi ya 24,000 wa nchi zile 10 wakaangalia hali ya afya zao. Waliofanyiwa ukatili walilalamika zaidi kuhusu kutembea kwa shida, maumivu, kizunguzungu na kupoteza kumbukumbu katika wiki nne zilizotangulia mahojiano. Utafiti ule haukukusudiwa kupima ubongo. Lakini soma tena yale malalamiko mawili ya mwisho, kisha mkumbuke mama wa mfano wetu anayeshika ukuta baada ya sijda.

Utafiti wa aina hii ni mgumu na tusiwalaumu sana wanaoufanya. Mwanamke hana karatasi ya hospitali ya kuthibitisha. Mtafiti akimpigia simu, huenda simu ikapokewa na yule yule anayempiga. Wanaopatikana kwa urahisi ni wale waliokwisha kukimbilia nyumba za hifadhi, ilhali walio wengi bado wako majumbani mwao wamenyamaza. Tena mwenye kusahau ndiye anayeulizwa akumbuke. Huko Canada, kwenye tawi la Chuo Kikuu cha British Columbia lililopo Kelowna, mtafiti Paul van Donkelaar alishirikiana na Karen Mason, aliyekuwa akiendesha nyumba ya hifadhi, ili utafiti na huduma viende pamoja. Mama anapimwa, na anayempima anajua pia wapi pa kumlaza usiku huo.

Isije ikafahamika kuwa kila aliyepigwa ataishia kupoteza akili. Mwaka 2023 watafiti wa hospitali ya Mount Sinai, New York, wakiongozwa na Kristen Dams-O'Connor, walitoa matokeo ya uchunguzi wa bongo za wanawake 14 waliofariki ambao walikuwa na historia ya kupigwa na wenzi wao. Ule ugonjwa wa mabondia hawakuukuta hata kwa mmoja. Walikuta madhara mengine, yakiwemo ya mishipa ya damu ya ubongo. Kwa hiyo jambo hili lina njia zake, na mwenye kumtisha mama kuwa ameshakwisha anamkosea.

Asidhaniwe mwongo

Sasa turudi nyumbani. Mama aliyeumia ubongo anapoitwa kwenye kikao cha usuluhishi, mbele ya wazee wa pande mbili au mbele ya sheikh, anaulizwa ilikuwa siku gani, saa ngapi, ilianza vipi. Anaanza katikati, anarudi nyuma, anajipinga, anasema hakumbuki. Mume ametulia, maneno yake yamepangika. Wazee wanatazamana. Kwa macho ya kawaida anayesema kweli ni yule mwenye maneno yaliyonyooka, lakini kwa anayejua yaliyoelezwa hapo juu, mapengo yale ya kumbukumbu huweza kuwa ndiyo alama ya kilichotokea. Tunawaomba wenye kusuluhisha wampe mama nafasi ya kueleza kwa utulivu, kwa vipande, hata kwa siku mbili tofauti, na wasimtake akate shauri la kurudi au kutorudi siku hiyo hiyo. Kikao kirefu chenye watu wengi na kelele kinamchosha mwenye ubongo ulioumia kama vile kumkimbiza mwenye mguu uliovunjika.

Kuhusu kusomewa, kisomo ni kisomo na hakuna anayekizuia. Lakini kisomo hakimzuii mtu kwenda hospitali, na msomaji mwenye elimu na uaminifu atakuwa wa kwanza kuuliza kama mgonjwa aliwahi kupigwa au kuanguka. Anayempiga mgonjwa ili "kumtoa jini" anampiga pale pale alipoumia.

Kuna kina baba wanaosoma safu hii na kujisemea kuwa wao hupiga makofi tu. Kofi la nguvu huweza kupasua ngoma ya sikio, na likimkuta mtu hakujiandaa huzungusha kichwa ghafla, jambo ambalo ni baya zaidi kwa zile nyuzi. Inajulikana kwa Waislamu kuwa Mtume (s.a.w.) alikataza kupiga uso, na Bibi Aisha (r.a.) amesimulia kuwa hakuwahi kumpiga mwanamke kwa mkono wake. Wanachuoni nao wamehesabu kuhifadhi uhai na kuhifadhi akili miongoni mwa mambo makubwa ambayo sheria imekuja kuyalinda. Kwa upande wa serikali, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ya Tanzania Bara, kifungu cha 66, inasema wazi kuwa hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo. Wapo pia waume wanaopigwa na wake zao, na yote tuliyosema kuhusu ubongo yanawahusu vile vile.

La kufanya

Mtu akipigwa kichwani au kukabwa, zipo dalili ambazo hazisubiri asubuhi: kutapika tena na tena, kichwa kuuma kwa kuzidi, degedege, kulala usingizi asioweza kuamshwa, ulimi kuwa mzito, mkono au mguu kukosa nguvu, mboni ya jicho moja kuwa kubwa kuliko ya pili, na maji maji au damu kutoka puani au masikioni. Hapo tafuteni usafiri wowote mwende hospitali kubwa. Kwa wazee na wanaotumia dawa za kufanya damu iwe nyepesi, damu huweza kuvuja pole pole ndani ya fuvu na dalili zikaja baada ya siku nyingi, kwa hiyo bibi aliyeanza kuchanganyikiwa wiki tatu baada ya kusukumwa naye apelekwe.

Asiyekuwa na dalili hizo apumzike siku moja au mbili, asibebe mizigo mizito kichwani, kisha arudie kazi zake kidogo kidogo, akipunguza pale kichwa kinapozidi kuuma. Kumfungia chumbani gizani wiki nzima hakumsaidii. Wala si kweli kwamba asilale. Alale, ila siku ya kwanza awepo mtu wa kumwamsha mara moja moja na kuona kama anajibu vizuri. Kwa maumivu atumie panadol. Asinunue aspirini au diklofenaki dukani bila kumuuliza daktari, maana huweza kuzidisha uvujaji wa damu. Akiwa dhaifu katika swala, dini ina wepesi wake: aswali ameketi.

Kwa aliyeumia zamani, tiba kubwa ni kwanza kusiwepo na kipigo kingine. Baada ya hapo usingizi wa kutosha, kutibu maumivu ya kichwa na huzuni, na hila ndogo ndogo za kusaidia kumbukumbu: daftari la mambo ya siku, kengele ya simu kwa ajili ya dawa na jiko, kufanya kazi moja mpaka iishe ndipo ianze nyingine. Watoto na mawifi waambiwe kuwa mama anaumwa, si mvivu.

Ukitaka kumuuliza ndugu yako kuhusu jambo hili, muulize mkiwa wawili tu, si mbele ya mume, mama mkwe wala watoto wenye umri wa kusimulia. Uliza kama Valera: "Aliwahi kukufanyia jambo ukaona nyota, ukazimia, au ukasahau kilichotokea? Aliwahi kukushika shingo?" Akijibu ndiyo, usimshurutishe aondoke usiku huo bila mpango, kwani wakati wa kuondoka huweza kuwa wakati wa hatari zaidi. Kubalianeni wapi atakimbilia, nani ana nauli, na vyeti vya watoto viko wapi. Hata gazeti hili, kabla ya kuliacha mezani likiwa limefunguliwa ukurasa huu, fikiria nani atakayelikuta.

Vituo vingi vya polisi Tanzania vina Dawati la Jinsia na Watoto, na hapo ndipo inapopatikana fomu ya PF3 kwa ajili ya matibabu na kesi. Mwenye dalili za hatari tulizotaja aanze na hospitali. Mkifika kwa daktari msiseme "ameanguka". Semeni kichwa kilipigwa na nini, upande gani, alizimia au hakuzimia, koo lilikabwa au halikukabwa, na ni mara ya ngapi, na mwombeni ayaandike yote hayo kwenye cheti.